Herufi A

Mezani pale mlangoni, Upanga, saa nane na robo,
Winfrida mwenye kope za kubandika aliniuliza:
"Mama, nikuandike nani? Mwandishi? Mwigizaji? Mchapishaji?"
Kamba za shingoni zilikuwa za rangi tatu.
Nikasema, mimi mpiga chapa.
Akatafuta kwenye orodha yake, akatafuta tena,
akanivisha ya nne, nyeupe: MGENI.

Sawa. Mpishi wa harusi huingia kwa mlango wa uani.

Uani vitabu vimetandazwa juu ya kanga,
kipaza sauti kinakoroma, kijana anaghani huku anafuta jasho,
na mwuza kachori anafungia kachori zake
kwenye ratiba ya jana.

Ndani, kwenye kabati la kioo, nikakutana na kazi yangu.

Ukurasa wa arobaini na moja. Karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa.
Niliujua kabla sijavaa miwani,
kama unavyomjua mwanao kwa mwendo, shule inapofungua geti.
Mwaka ule mashine yangu ilikufa A.
Si X, ambayo mpaka leo sijui kazi yake.
A, maana Kiswahili kinaila A
kama msiba unavyokula sukari.
Fundi wa Mtaa wa Mkunguni alitaka hela ya mwezi mzima.
Basi nikawa naruka, naacha pengo,
mahakama inabaki m h k m , kinywa cha kibogoyo,
halafu usiku nazijaza kwa mkono, moja moja,
mwanangu kalala chini ya meza, kichwa juu ya rimu ya karatasi.

Profesa mmoja, sauti yake nzuri, kidole kwenye kioo:
"Tazameni wino huu. Marehemu Lihaya
aliipigania kila irabu."
Watu wakaguna kwa heshima. Wakapiga picha.
Nami nikaguna.

Ningesema nini?
Kwamba marehemu alikuwa na mwandiko wa kuku aliyefukuzwa?
Kwamba alinilipa nusu, na nusu akaileta kwa mchele?
Kwamba siku alipofuata nakala zake
alisimama mlangoni akasoma mpaka miguu ikamwuma,
kisha akasema, taratibu, kama mtu aliyeshtukia jambo:
"Bi. Mwanaisha, kumbe nimeandika vizuri."

Jioni tukaingia ukumbini kuutazama mchezo wenyewe.
Mwenye nyumba, wapangaji sita, ndoo moja ya maji.
Fikirini, kijana mwembamba, alikuwa anakwenda vizuri,
mabega yake yanadaiwa hata kabla hajafungua mdomo.
Akafika pale. Akasimama.
Neno halimo.
Ukumbi ukashika pumzi, kisha ukaanza kile kikohozi cha aibu.

Sentensi ile niliipiga mara moja, kaboni mbili chini yake.
Nakala tatu. Ya nne ilibaki kwenye vidole.
Vidole ndivyo vilivyotangulia, juu ya mkoba, tak tak,
mdomo ukafuata:
*Kodi nimelipa, mwenye nyumba. Usingizi ndio nadaiwa.*

Nilidhani nimenong'ona.

Safu nzima ikageuka. Fikirini akaidaka
kama ufunguo uliorushwa kutoka ghorofani,
akaisema.
Akaisema kuliko nilivyoipiga. Kuna mahali alipumua,
kati ya kodi na usingizi,
ambapo mimi niliweka nukta tu
nikaendelea, maana mchele ulikuwa jikoni.

Wakati wa kutoka, jirani yangu wa kiti:
"Shangazi, zamani uliigiza?"
Nikamwambia hapana, nilikaa karibu.

Mlangoni Winfrida anakusanya kamba ndani ya boksi.
"Weka tiki kwenye jina lako, mama, ya kutokea."
Nikashuka na kidole, nikashuka,
nikajikuta chini kabisa, baada ya mafundi wa taa:
*Mwanisha. Mgeni.*

Kalamu yake ilikuwa imekauka.
Nikaipulizia pumzi, nikaikwaruza kiganjani mpaka ikatema.
Pengo lilikuwa dogo, lakini
mkono unajua njia.