Saa Iliyokuja Mara Mbili

Anwani zetu ni elfu moja na ishirini na nne,
wateja elfu tatu na ushei.
Kwa hiyo tunaazimana.
Modemu yako ikizimika, namba haikungoji,
inakwenda kwa mwingine kabla haijapoa,
kama kiti cha kinyozi siku ya Jumamosi.

Kazi yangu ni kuandika nani aliketi.
Namba nne, nukta tatu katikati,
saa ya kuketi, saa ya kuondoka, basi.
Si alichosoma. Si aliyemwandikia.
Kanuni imebandikwa ukutani, juu ya bomba la joto,
pembe zake zimejikunja:
andika kila ugawaji, tunza miezi sita,
siku ya mia na themanini na moja, futa.
Ognyan, mwenye kampuni, amepigia mstari neno tunza.
Mimi, kwa penseli, nimepigia futa.

Januari, Danubi ukielea vipande vya barafu,
barua ililetwa Vidin na kijana wa polisi
aliyekataa hata chai.
Nani alikuwa na anwani hii
usiku wa kuamkia Jumapili, mwisho wa Oktoba,
saa tisa na dakika ishirini?
Chini yake kisanduku kimoja cha jina.

Nikafungua daftari. Nikakuta watu wawili.

Usiku ule nchi nzima hurudisha saa nyuma:
ikitaka kugonga kumi, twaiambia, rudi tisa.
Saa tisa ikaja, ikaondoka,
ikawa kama imesahau ufunguo, ikarudi.
Katika ile ya kwanza namba ilikuwa kwa Parvan Gergov,
fundi pampu mstaafu, ghorofa ya nne.
Katika ile ya pili, kwa Iskra Tsankova,
anayesomea uuguzi na kulipa kwa kuchelewa.
Daftari langu lilijua.
Swali ndilo halikujua.

"Andika mmoja," akasema Ognyan, koti begani.
"Mzee ndiye wa juu, mwandike mzee.
Kisanduku ni kimoja, Zdravka."

Mali bila daftari hupotea bila habari,
sawa, nimekula mshahara wa neno hilo miaka tisa.
Na mtu je,
apoteaye kwa sababu ya daftari?
Mlango unaobishwa alfajiri,
kompyuta inayobebwa kwenye mfuko wa nailoni,
jirani anayechungulia, halafu haamkii tena?

Sikuandika jina. Niliandika maneno matatu:
Saa tisa ipi?
Nikapiga muhuri, nikapeleka mwenyewe, kwa miguu.

Februari kimya. Machi kimya.
Aprili siku yake ikatimia, nikafuta
usiku mzima wa mji: waliokesha, waliogombana,
waliotafuta dawa ya jino.
Ila mistari miwili.
Kanuni ina ukurasa wa pili, hausomwi na wengi:
kilichoulizwa kisifutwe hadi swali lifungwe.
Ikabaki miwili hiyo kwenye ukurasa mtupu,
kama meno ya mwisho kinywani.

Juzi nilimkuta Parvan dukani kwa mwoka mikate.
Mimi namjua kwa namba, yeye ananijua kwa sauti ya simu.
Akaanza kulalamika, mkate kwapani:
usingizi umemhama tangu mkewe afe,
usiku huongea na mjukuu aliyeko Winnipeg,
na Oktoba mtandao wenu ulinikatikia,
mtoto yuko katikati ya shairi la shule!

"Pole," nikasema. Kisha, sijui ulimi ulinitoka vipi,
"Saa ngapi?"

Hakufikiri. Mtu aliyesoma geji maisha yake yote.
"Tisa na nusu," akasema.
Akahesabu chenji yake, sarafu kwa sarafu,
akaitia mfukoni.
"Ile ya kwanza."