Jibu la Juni

Miaka tisa tumegawana kibanda hapa Kibuye, mimi na Ogwel,
na kimya chake nilikiita kiburi.

Mimi ni moto wa majani ya miwa:
nawaka kwa bei ya omena, nazimika kabla ya chai,
nimeshasahau nani nilimtukana.
Yeye huweka.
Neno la Januari hunijibu Juni, tukifunga mlango.

Juzi mawingu yalipanda kutoka ziwani.
Nikapiga kelele kutwa, mvua, jamani, mvua!
kisha nikaenda zangu kulala.

Asubuhi, maji magotini.
Magunia yote juu ya meza,
yangu yakiwa makavu kuliko yake.

"Ulirudi saa ngapi, wewe?"

Akakuna kidevu, akatafuta ufagio.

Haya. Nitangoja Juni.