Ukuta Mmoja

Ukuta wetu ni mmoja, mimi na Bi Mwanakheri,
huku Gadeni, Lamu, kichochoro kisichopita punda wawili.
Zamani nikimsikia akisuuza kikombe kimoja.
Sasa vitano.

Wawili wa marehemu mdogo wake, mmoja wa mpwawe,
na Fumo, ambaye si wa mtu tumjuaye:
afisa wa watoto alimleta kwa wiki mbili,
wiki mbili zilizoingia mwaka wa pili.

Sote tulimpa chetu. "Mungu atakulipa."
"Pepo yako hiyo, dada." Tukashika njia.
Sifa hazikorogwi uji.

Usiku mmoja namsikia akihesabu:
daftari, kiatu cha kushoto, dawa ya Fumo,
daftari tena, kama tasbihi iliyokatika uzi.
Kisha kimya.
Kisha akacheka peke yake,
na kicheko kile ndicho kilichonitoa kitandani.

Sikumpelekea dua. Nilikwenda alfajiri na ndoo,
nikafua sare nne, naye ameketi,
mikono mapajani, haijui ikae vipi.
"Jumamosi watakuwa kwangu. Wewe ulale."
"Wote?"
"Wote."
"Na Fumo? Huyu anauma."
"Na Fumo."

Ijumaa Shalo wa dukani akachana ukurasa mmoja wa deni lake.
Mmoja tu; Shalo si malaika.

Leo adhuhuri kwangu zimevunjika gilasi mbili,
Fumo ameniuma, ameomba radhi, ameniuma tena,
na ng'ambo ya ukuta,
nyamazeni kidogo,
mtu anakoroma.