Kazi ya Kipande

Nilianza mlangoni, kwenye kibanda cha tiketi,
Stavanger, mvua ikigonga kioo kama mtu anayedai chenji.
Makumbusho yetu ni kiwanda kilichozimwa:
tanuri za moshi, mikasi, makopo matupu,
na hewa ambayo umeipigia deki miaka arobaini
na bado inanuka dagaa.

Kisha wakanipeleka kozi. Siku tatu, kahawa na biskuti.
Nikarudi na cheti, kikapu cha vitu vya kushikwa,
na cheo kirefu kuliko mshahara wake:
mwezeshaji wa kumbukumbu za wazee,
robo ajira, mpaka Desemba.

Jumanne ya kwanza niliharibu.
Niliwauliza, "Mnakumbuka?"
Borghild akatazama viatu vyake.
Bwana Eilert akasema basi litamwacha.
Swali lile ni mtihani, na wao
walikwisha feli vya kutosha kwa daktari.

Sasa siulizi. Naweka kitu mkononi, nanyamaza,
nahesabu vigae vya ukutani.
Nimewahi kufika mia mbili na sita.

Wiki ya tisa nikampa Torbjørg ufito wa chuma.
Bintiye alikuwa kando yake;
yeye humwita "yule mama mwenye koti".
Lakini vidole vilipoonja chuma
viliamka kabla ya mwenyewe:
jicho, ufito, jicho, ufito,
akiwatunga samaki wasiokuwepo, mbio mbio,
mpaka fremu nzima ikajaa hewa.

"Picha yenu pale inadanganya," akasema.
"Yule kashika kushoto. Kushoto ungekatwa hela."
Nikaandika.

Halafu akauvuta mkono wangu, akaunusa.
"Wewe mgeni hapa. Wanakulipaje?"
Nikamwambia ukweli: robo, mpaka Desemba.
Akacheka kicheko cha msichana wa miaka kumi na sita,
akachungulia mlango, asije akapita msimamizi.
"Usikubali ya kutwa. Dai kwa kipande.
Na ukienda kudai, simama. Wakikupa kiti, usikae."

Kwenye lifti akamwuliza yule mama mwenye koti
zamu ya kesho inaanza saa ngapi.
"Saa moja," binti akajibu, akimfunga vifungo.
"Nitakupitia."

Kwa kipande. Nililiwaza neno hilo ngazini:
ningehesabu nini? Vidole? Majina?
Picha moja iliyobanduliwa ukutani?

Mkurugenzi akafunga faili, akanionyesha kiti.
Nikabaki nimesimama.