Tafsiri ya Shangazi Mize

Picha nzuri ziliishia Unguja mjini.
Kwetu Wete zilikuja zilizochoka,
mabati yamebonyea, utepe umekwaruzika
hata mvua ikinyesha ndani ya kasri la mfalme
tangu bismillahi mpaka taa ziwashwe.

Zilikuwa picha za miungu ya Kihindi, za rahisi.
Mawingu ni pamba ya godoro.
Mbingu ni shuka, na upepo ukivuma
mbingu hufanya mikunjo.
Mmoja alishuka kutoka juu na uzi kiunoni,
tukauona sote,
na Faki Shaame, viti vya mbele, akapiga ukelele:
"Mdakeni, ataanguka!"
Joka la vichwa vitano lilikuwa na vichwa vinne na nusu,
hicho cha tano kimekatika kamba
kinaning'inia kama soksi iliyoanikwa.

Lakini sauti.
Sauti haikuwa ya pamba.
Aliimba mwanamke asiyeonekana,
na yule anayeonekana akachelewa kufumba mdomo,
na ukumbi mzima, maganda ya njugu miguuni,
ukanyamaza
kama safu inayongoja takbira.

Shangazi Mize alikwenda Jumatano, siku ya wanawake,
na daftari ndani ya buibui.
Aliandika gizani, kwa herufi za Kiarabu,
maneno ya Kihindi asiyoyajua,
sikio mbele, kalamu nyuma inakimbilia,
mistari imepandana kama kuku tenguni.
Wimbo mmoja aliurudia mara tatu
mpaka ujira wa karafuu wa wiki nzima
ukabaki vipande vya tiketi.

Huo ndio tuliolelewa nao.
Jioni tukichambua barazani, vidole vyanuka makonyo,
aliimba, kisha akatufasiria:
Huyu ni mama. Nyoka kamzunguka mwanawe.
Anamwambia nyoka, nimeze mimi,
huyu hajamaliza maziwa yake.
Tukalia. Kila msimu tukalia,
hata Subeti, mwenye ndevu na mke.
Babu akakohoa kutoka uani:
"Mize, hiyo dua ya nani?"
"Ya mama, baba. Ya mama tu."
Babu akakohoa tena, kidogo, akaacha.

Watoto wa nyumba ile tulikuwa kumi na mmoja.
Wake hata mmoja.

Alipokufa nilipewa daftari, kwa kuwa mimi ndiye
niliyekuwa nikiuliza-uliza.
Nikalipeleka Chake, hospitali,
kwa Daktari Nalini, aliyetoka kwao mwaka juzi.
Nilimsomea kama msomaji wa hitima,
silijui neno, nayajua mapito ya sauti.
Alisikiliza. Akaomba nirudie ubeti wa pili.
Akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika.

"Ni muuza mtindi," akasema.
"Anamwambia mnunuzi: kaka, mtindi wangu haujachacha,
usinipunje."
Na nyoka?
"Hakuna nyoka."
Na mama?
Akafikiri, maana ni mtu mwema.
"Labda," akasema, "muuza mtindi ana mama."

Miaka thelathini tumelilia mtindi.
Nilicheka peke yangu njia nzima, watu wakanitazama,
na nilipofika nilitaka kulifunga daftari
nilitie kabatini kwa heshima zake.
Ndipo nikayaona yale maandishi ya pembeni,
madogo, ya wino mwingine,
ambayo siku zote nilidhani ni hesabu za duka.
Kulikuwa na jina la mke wa sonara, jirani yetu wa zamani,
aliyefunga mlango akahama na hakurudi.
Nikasogea dirishani.

Kastur asema ni mtindi.
Asikilize tena.