Barua za Basi Jeupe

Mimi ndiye niliyezigawa.
Bahasha arobaini na moja za kijivu,
moja kwa kila mwanamke wa Kvalnes aliyevuka hamsini.
Yangu niliitia sandukuni mwangu
kama ya jirani, nikafunga kifuniko,
nikaendelea na njia.

Februari. Jua lilikuwa limerudi wiki ile,
dakika kumi na mbili mgongoni mwa mlima, kisha basi.
Basi jeupe nalo likaja Jumanne,
likaegeshwa nyuma ya duka la ushirika
karibu na mapipa ya chupa tupu.
Tulivua sweta ndani ya kijichumba chembamba kama kabati.
Msichana wa mashine, Ylva, akaniomba radhi
kwa ubaridi wa kioo.
Usipumue, akasema.
Titi lililonyonyesha watatu
likalala bapa kama mkate wa viazi.

Mdogo wangu Torbjørg hakuja.
Barua aliibandika kwenye friji kwa sumaku ya kaa.
“Nimemsikia daktari redioni,” akasema.
“Wengi wanakatwa kwa kitu
ambacho kingelala nao mpaka kaburini bila kuwaamsha.”
Na mwenzake alisemaje?
“Kwamba kuchelewa ndiko kunakoua.”
Kisha?
“Kisha wakapandishiana sauti
mpaka ukafika wakati wa hali ya hewa.”

Siku ya tisa nikapigiwa simu.
Vidoa, wakasema. Vya chokaa.
Nilioneshwa: chumvi iliyomwagika
juu ya kitambaa cheusi.
Hii bado si saratani, akasema daktari Haugland.
Huenda ikawa. Huenda isiwe kamwe.
Nikamuuliza, angekuwa mama yako?
Akaitazama kalamu yake.
Mama yangu angekata, akasema.
Lakini hakusema kama yeye angemshauri hivyo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Najua.
Lakini nyumba ya babu ina ufa
tangu kabla ya vita, toka dirishani hadi sakafuni,
na mpaka leo tunalala humo kila kiangazi.

Nikaziba.
Kisu, halafu mionzi, wiki tatu
katika hoteli ya wagonjwa yenye mapazia ya chungwa.
Alama za wino kifuani, ndogo kuliko mkato wa sentensi.
Bega la kulia halitaki tena mkoba wa barua.
Usiku huwa naliuliza lile lililotolewa:
ulikuwa unakuja, au ulikuwa umekaa tu?

Oktoba, Torbjørg akiwa anaoga
vidole vyake vikakuta njegere.
Haikuwa chumvi, haikuwa huenda.
Dukani wakatoa hukumu kabla maziwa hayajalipiwa:
Eldrid aliokolewa, Torbjørg alijitakia.
Lakini daktari yule yule alimwambia,
titi lako ni zito, weupe juu ya weupe,
hata ungepanda basi Februari
pengine tungekuwa tunamtafuta sungura kwenye theluji.
Pengine.
Neno hilo alilileta nyumbani pamoja na dawa,
akaliweka mezani,
tukala nalo.

Yu hai. Nywele zimerudi na mawimbi
ambayo hakuzaliwa nayo, naye anayaringia.
Hatujawahi kuulizana nani alikosea.
Mara moja tu, tukimenya viazi, alisema:
“Wewe walikupa jibu la swali usilouliza.”
Nikasema, na wewe?
Akaendelea kumenya.

Sasa ni Februari nyingine. Mkoba nimeuhamishia kushoto.
Bahasha ni arobaini na tatu,
na kati yao moja ina jina la Sunniva,
binti yake, aliyetimiza hamsini Novemba.
Kanisubiri mlangoni na soksi tu miguuni.
“Mama mkubwa,” akasema, “ungekuwa wewe?”
Injini ilikuwa inanguruma barabarani,
nyumba kumi na tisa zilikuwa bado,
nami nikajikuta naitazama kalamu,
ile ya kutilia saini vifurushi,
wakati yeye hakuwa na kifurushi chochote.