Inazunguka, Haishiki

Niliisikia kwa simu kabla sijafika Jericho:
nye-nye-nye-nye, kimya. Nye-nye-nye-nye, kimya.
"Umesikia, Musyimi? Inazunguka, haishiki."
Nikamwambia, mama, achia ufunguo, utamaliza betri.

Julai. Manyunyu, mabati yanatiririka.
Korola nyeupe ya marehemu Ogutu
haijasogea tangu matanga, gunia juu ya kioo,
na kila mpita njia ni fundi:
muuza mayai anasema ni plagi,
soja wa geti anasema ni mafuta machafu,
kijana wa viatu vyeupe anasema, tuisukume.
Tuisukume twende wapi? Hii ni otomatiki.

Gari lisilowaka halina mambo mengi.
Linataka cheche, linataka mafuta, linataka pumzi,
na kila kimoja kwa wakati wake.
Basi huliulizi yote kwa mpigo.
Unauliza moja, unangoja.

Nikamwambia Apondi: fungua swichi, stata usiiguse.
Nikalaza sikio kwenye kiti cha nyuma,
pale watoto walipomwaga uji miaka ile.
Pampu nzima huguna, mmm, sekunde mbili,
kama mtu aliyeitwa yuko usingizini.
Haikuguna.

Plagi ya kwanza, kavu. Ya pili, kavu.
Nikainusa kama unavyonusa maziwa ya juzi:
hata harufu ya petroli hakuna.
Nikaigusisha chuma. "Piga!"
Nye-nye-nye. Giza.
Mkanda? Ungekatika, stata ingekimbia nyepesi,
baiskeli iliyochomoka mnyororo;
hii inazunguka na uzito wake kifuani.
Fyuzi nzima. Relei nikaazima ya honi. Bado.

Mafuta hakuna na cheche hakuna:
viwili havifi usiku mmoja.
Kuna mahali njia imekatwa.
Nikalala chali chini ya usukani, tochi mdomoni,
nikakuta waya mwekundu usiotoka kiwandani,
umefungwa kwa plasta ya hospitali,
unaingia nyuma ya plastiki, unapotea.

"Mama, mzee aliwahi kuporwa gari?"

Manyunyu.
"Tisini na nane. Walimshusha Barabara ya Outering,
akaja nyumbani na soksi.
Hakusimulia. Hakusimulia kitu, yule.
Gari lilipopatikana alilipeleka kwa fundi siku nzima,
nikadhani ni rangi."
Kisha akanyamaza namna nyingine.
"Lakini alikuwa na tabia. Kabla ya kuwasha
lazima ajikune goti. Miaka yote nimekaa pembeni yake
namwambia, Ogutu, si nilikununulia mafuta ya kupaka?
Anacheka tu."

Sikumjibu. Nilitoka, nikamwachia kiti.
Akaketi, miguu haifiki pedali,
akajikuna goti la kulia. La.
La kushoto, halafu juu kidogo, upande,
pale plastiki imeng'aa kwa kidole cha mtu mmoja.
Tk.

Nyuma, pampu ikaguna.

Nye-nye, ikashika. Ikakohoa petroli ya miezi mitano,
ikatetemeka hadi vioo, ikatulia.
Muuza mayai akasema, si nilisema?

Nikamuuliza: hii swichi niikate, niunganishe moja kwa moja?
Hakunisikia, au alinisikia.
Alizima. Akajikuna goti. Akawasha.
Akazima. Akajikuna goti.
Nikapangusa spana moja moja, polepole,
petroli ikinikauka vidoleni.
Utamaliza betri, nilitaka kumwambia.
Sikumwambia.